Alama za Mtoto Aliyekaa Stoo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uwahi kunijibu, kwa sababu tarehe ishirini na nane ya mwezi huu natakiwa kukabidhi karatasi ya alama za somo la dini za darasa la saba, na hapa mezani pangu ziko mbili, zote kwa mwandiko wangu, zinafanana kila mstari isipokuwa mmoja, na sijui ipi niipeleke.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja. Nilikuja nchi hii miaka thelathini na nne iliyopita nikiwa na mke, mabegi mawili na cheti cha ualimu ambacho hakuna ofisi iliyokubali kukitambua, nikaishia kwenye chumba cha kujalidi vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, nikashona kurasa na kupaka gundi kwa miaka ishirini na sita, na katiba mpya ilipochapishwa sisi wanne wa chumba kile ndio tuliojalidi nakala za maktaba, mia sita na arobaini, kwa kitambaa cha kijani, kwa hiyo naweza kusema bila majivuno kwamba nimeishona katiba ya nchi hii mara nyingi kuliko nilivyoisoma. Uraia niliupata mwaka niliostaafu. Mwaka huohuo mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya mtaani kwetu aliniomba nifundishe somo la dini kwa kujitolea, vipindi viwili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na mimi niliyekaa robo karne bila kushika chaki nilikubali kabla mama wa watu hajamaliza sentensi.

Dini inayofundishwa ni yangu, na ndiyo ya karibu mtaa mzima. Shule ilijengwa na waumini wetu wa zamani, na jiwe la msingi bado lina maneno yao, lakini ni miaka mingi sasa tangu ichukuliwe na serikali, na mishahara, vitabu, madawati, hata bati lililoezekwa mwaka juzi, vyote vinatoka kwenye kodi ya kila mtu, aliye wa dini yetu na asiye wetu. Nataja jambo hili mapema kwa sababu ndiko shida yangu iliko.

Sasa nikueleze kosa langu. Mwaka wa kwanza watoto walikuwa wanasinzia kipindini, wengine wanachora, na mmoja aliniambia ana kwa ana, tena kwa adabu zote, "Babu Gundi," ndivyo wanavyoniita, "somo lako halina alama, tukusikilize ili tupate nini?" Iliniuma kuliko alivyokusudia. Kwenye kikao cha walimu nikapendekeza somo la dini lifanyiwe mtihani wa alama hamsini, na alama hizo zijumlishwe na zile mia tano za masomo mengine. Pendekezo likapita bila mtu kuuliza swali, watoto wakanyamaza na kufungua madaftari, na mimi nikajiona mwalimu tena, nikatembea kurudi nyumbani kifua mbele kama kijana aliyepata kazi. Sikukumbuka kwamba mtaani kuna nyumba tatu ambazo si za dini yetu.

Moja ya nyumba hizo ni ya mama mmoja fundi wa pasi na feni, mwenye kibanda mkabala na geti la shule, na binti yake yuko darasa hilo la saba. Mwanzoni mwa mwaka mama huyu alileta barua, mistari sita, kusema mwanawe asihudhurie somo la dini, na mwalimu mkuu akakubali, ila akasema hana mwalimu wa kumwangalia, kwa hiyo kila Jumatatu na Alhamisi mtoto akawa anakaa stoo iliyo ubavuni mwa darasa, juu ya kreti ya chaki, kati ya ramani zilizochanika na mipira isiyo na upepo. Ukuta wa stoo ni wa plaiwudi. Mimi kwenye daftari la mahudhurio nikawa naweka herufi N mbele ya jina lake, yaani yuko nje, ili asije akadhaniwa mtoro.

Mshauri, herufi ile naijua. Nikiwa na miaka tisa, katika nchi niliyotoka, dini yangu ilikuwa ya wachache, na kipindi cha dini kilipofika sisi wanne tulitolewa barazani, na mwalimu wetu, mtu mpole aliyekuwa akitugawia pipi ili tusijisikie vibaya, aliandika majina yetu kwenye daftari dogo la bluu kwa nia njema kabisa, ili tusidhaniwe watoro. Mwaka baada ya mwaka daftari likafuatwa na daftari. Nilipokuwa mtu mzima mwenye mke, na wakaja watu waliotaka kujua nani aondoke na nani abaki, hawakuhangaika kuuliza nyumba kwa nyumba, maana orodha zilikuwa shuleni, zimepangwa vizuri kwa mwaka na kwa alfabeti. Simlaumu mwalimu yule. Nilichokuwa sijui ni kwamba na mimi, kwa nia njema kabisa, nilikuwa nimefungua daftari langu.

Mwezi uliopita tukajumlisha alama za majaribio. Shule yetu hupeleka majina manne ya kwanza kwenye sekondari ya sayansi ya serikali. Binti wa fundi ana mia nne thelathini na moja katika masomo matano, ni wa pili darasani. Ukiingiza somo la dini, ambalo yeye ana sifuri, wa nne ana mia nne arobaini na tatu na binti anashuka hadi wa sita. Alama zangu hamsini, nilizoziomba ili watoto wasisinzie, ndizo zinazomfungia mlango.

Nilipoona hesabu hiyo nilifanya jambo ambalo wakati ule nililiona la busara. Alhamisi, wakati wa mapumziko, nilimfuata stoo nikamwambia hali ilivyo. Akaniangalia, akasema, "Babu, nipe huo mtihani. Nimeshayasikia yote ukutani." Nikampa. Aliufanya akiwa amekaa palepale kwenye kreti, karatasi juu ya ramani iliyokunjwa, na nilipousahihisha alikuwa na arobaini na sita, juu kuliko mtoto yeyote wa dini yetu, na hizo nne zilipotea kwenye swali la kumi na mbili lililotaka waandike sala ya kufungulia siku, ambapo yeye aliandika tu, "Hii naijua, lakini ni ya kwenu," nami nikakata nne kama mwongozo wa kusahihisha unavyotaka. Nilifurahi, nikadhani nimelimaliza.

Jioni mama yake akaja nyumbani na aproni yake ya kazi, bisibisi mfukoni, akanisalimia vizuri lakini akakataa kiti. Alisema hakujua kuna mtihani mpaka mtoto alipomsimulia. Kisha akasema, "Mzee wangu, kwamba mwanangu ana akili, hilo sikuhitaji kuambiwa. Lakini akijibu yeye mwaka huu, mwakani mdogo wake ataambiwa mbona dada yako alijibu. Na ile barua yangu, ilisomwa au ilifutiwa ubao?" Akaniambia hataki upendeleo wala hataki vita, anataka mwanawe apimwe kwa yale aliyofundishwa, basi, akaaga akaondoka.

Kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu. Usimdhanie vibaya, ni mchapakazi, huwa wa kwanza kufika na funguo zote ziko kiunoni mwake. Akacheka. Akasema, "Mzee, umepata bahati mkononi, sasa unaitafutia ugomvi. Andika arobaini na sita, mtoto aende sekondari, mama atatulia. Kwani nani ameumia hapo?" Nikamtolea nakala yangu ya katiba, ile niliyoijalidi kwa mikono yangu, nikamwonyesha ibara ya dini na elimu, ina vifungu vitatu: cha kwanza kinaruhusu watu wa dini yoyote kuanzisha shule zao na kufundisha humo watakavyo kwa gharama zao wenyewe, cha pili kinasema katika shule inayoendeshwa kwa fedha za umma hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa kupokea mafundisho wala kushiriki ibada ya dini isiyo yake, ila kwa ridhaa yake, au ya mzazi kama ni mtoto, na cha tatu kinakataza mwanafunzi kunyimwa nafasi yoyote kwa sababu ya kutokushiriki. Akasoma mpaka mwisho, kwa makini, akasema hakuna aliyemlazimisha, si alikaa stoo. Kisha akashusha sauti, kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionichoma, akasema nijihadhari, kuna watakaouliza mtu aliyekuja juzi anatufundishaje katiba yetu.

Nimerudi nyumbani nikaandika karatasi mbili. Moja ina arobaini na sita. Nyingine mahali pale ni wazi. Nikipeleka ya kwanza, mtoto anapita, kila mtu ananipa mkono, na mama yake ananiona mtu niliyempokonya neno lake. Nikipeleka ya pili, mtunza takwimu ataandika sifuri penye uwazi, sheria nitakuwa nimeiheshimu na mtoto nitakuwa nimemwangusha. Mke wangu nilipomsomea vifungu vile mara ya tatu aliniambia, "Baba, umeishona, sasa ivae," akaendelea kupanga vyombo.

Sikuandikii ili unifariji. Nimeamua sitanyamaza, hata nikiitwa mgeni hadi siku ya kuzikwa. Ninachoomba ni unionyeshe njia ambayo haitapita juu ya mgongo wa mtoto huyu.

Ni mimi,
Mzee wa Karatasi Mbili.

*

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia kwanza ili nikikugombeza usione sina adabu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma, maana mtu aliyekaa barazani akiwa na miaka tisa halafu akajikuta uzeeni ndiye mwenye daftari, huyo hahitaji mtu wa nje wa kumpa adhabu. Ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia kukujibu.

Umefanya makosa mawili, wewe umekiri moja. La kwanza ni zile alama hamsini. Ulitaka heshima ya watoto ukaikatia njia ya mkato. Hilo walimu wengi wamelifanya na linarekebishika. La pili hujaliita kosa, umeliita busara. Mama mtu aliandika barua, mistari sita, hukuizingatia. Ukamfuata mtoto wa watu stoo, peke yake, ukamweleza kwamba mlango unafungwa, kisha ukamwachia "achague" kufanya mtihani. Mtoto wa darasa la saba anayetaka sekondari angefanya mtihani wa kupanda ukuta kama ungemwambia ndio unaohitajika. Ile haikuwa ridhaa, Mzee, na kifungu cha pili mlichokijalidi mara mia sita na arobaini kinakuambia ridhaa ya mtoto inatoka wapi.

Mwalimu mkuu naye anauliza nani ameumia. Mwambie hivi: mtoto anayewekwa kwenye kreti ya chaki mara mbili kwa wiki, mwaka mzima, pembeni ya mipira isiyo na upepo, akisikiliza wenzake wakifundishwa, kisha akapewa sifuri kwa kutokuwamo, huyo amelazimishwa. Kulazimishwa si lazima ushikwe mkono. Ukiwekewa njia mbili, moja ina sekondari na nyingine ina stoo, umelazimishwa. Na hilo jiwe la msingi, liheshimuni, lifagieni, lakini waliolichonga hawalipi mishahara ya leo. Siku shule ilipoanza kula kodi ya fundi wa pasi na feni, ilikuwa yake pia.

Sasa hizo karatasi mbili. Zichane zote. Arobaini na sita si yako kuiandika, na ile nafasi wazi ni ujanja wa mtu anayetaka mwingine ndiye aandike sifuri. Umejifungia kwenye njia mbili kwa sababu unatazama mstari mmoja wa mtoto mmoja. Kilichoharibika si mstari wake, ni safu nzima. Uliyeiomba iwekwe ni wewe, na wewe ndiye unayeweza kuiondoa bila mtu kusema amevamiwa na mgeni, kwa sababu pendekezo lilikuwa lako.

Kesho asubuhi kaa chini uandike barua, ukurasa mmoja, usiogeuka wa pili. Umezoea kuandika mengi, jizuie. Sema kwamba unaliondoa pendekezo lako la kujumlisha alama za dini, kwamba ibara uliyoitaja hairuhusu mwanafunzi kukosa nafasi kwa sababu ya somo hilo, na kwamba unaomba jumla ya darasa la saba, ya watoto wote, ihesabiwe kwa mia tano. Kwa mia tano binti ni wa pili, bila msaada wa mtu, na hakuna mtoto wa dini yako atakayekuwa ameonewa. Nakala moja mpe mwalimu mkuu, moja kamati ya shule, moja ofisi ya elimu, na ya nne irudi nyumbani ikiwa na mihuri ya kupokelewa. Mtu wa uchapaji sihitaji kumfundisha thamani ya muhuri. Kabla ya kupeleka, vuka barabara uende kibandani kwa yule mama, umsomee, na akikuambia ondoa neno fulani linalomgusa mwanawe, liondoe hapohapo.

Mwalimu mkuu akikataa, usipige kelele, wala usiache kufundisha kwa kususa. Mwambie kwa upole uleule aliokuambia wewe kwamba tarehe ishirini na nane hutakabidhi alama yoyote ya somo hilo, ya mtoto yeyote, na mama akipeleka malalamiko ofisi ya elimu wewe utakuwa shahidi wake, na daftari lako la mahudhurio utakuwa nalo kwapani.

Kuhusu kipindi chenyewe, sikwambii uache. Dini yako ni njema na watoto wanakupenda hata wakisinzia. Ila tangu muhula ujao kila mzazi anayetaka mwanawe afundishwe na aweke saini, wa dini yako pia, maana kuwa jirani yako si kutia saini. Na wasiohudhuria wapewe dawati, kitabu na chumba chenye dirisha. Kama hakuna mwalimu wa kuwaangalia, kipindi kihamie baada ya masomo, wanaotaka wabaki, wengine waende kwao. Utapoteza nusu ya darasa? Huenda. Watakaobaki watakuwa wamekuja kukusikiliza wewe, na hicho ndicho ulichokuwa unakitafuta uliposimama kwenye kile kikao.

Kisha lile daftari. Herufi N ife leo. Andika walioingia kwa ridhaa na uishie hapo. Asiyeingia hana sababu ya kuandikwa popote, na wewe kuliko sisi sote unajua kwa nini.

Na ukiitwa mtu aliyekuja juzi, usijitetee kwa miaka. Jibu kwamba wewe ni mwalimu unayesahihisha kosa lako, na mwalimu wa namna hiyo haulizwi kwao ni wapi.

Nimeacha moja la mwisho, ambalo kwenye barua yako umelipitia kama mtu anayeruka dimbwi. Umeniandikia kirefu juu ya sheria, wakati mtoto alishakuandikia jibu kwa maneno sita. "Hii naijua, lakini ni ya kwenu." Hakukudharau. Sala yenu aliijua yote na akaiacha mahali pake, akaiheshimu kuliko wale walioinakili bila kuifikiria. Amekuonyesha mpaka uko wapi, kwa kalamu, akiwa amekaa juu ya kreti, na wewe ukachukua wino mwekundu ukamkata alama nne. Katika mtihani mzima hilo ndilo swali pekee alilojibu kwa sauti yake.

Kwa hiyo Alhamisi, ukishapata mihuri yako, mrudishie karatasi yake mbele ya mama yake. Ile arobaini na sita ifute, maana haina kazi. Halafu fungua ukurasa wenye swali la kumi na mbili, weka tiki, na umwombe radhi ukiwa umesimama.